Mstari wa Kumi na Nne

Nairobi
12 Februari 1996

Kwako Nyakerario,

Ndiyo, ni mimi, na mwandiko ni ule ule uliokuwa ukiuita nyayo za kuku tulipoketi dawati moja. Ofisini nina taipureta mpya lakini barua yako nimeiandika kwa mkono, usije ukasema Nairobi imenibadilisha.

Niko hapa tangu Septemba. Binamu yangu Ronak amefungua kampuni ya matangazo, inaitwa Sikio, na amenipa kazi ya kusimamia pande za kwetu. Baba alikubali kwa shida. Wewe unamjua Mzee Shashikant, akiamua jambo pale dukani hata wateja wanapunguza sauti. Alikuwa ameshanipatia mchumba Uingereza, mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye duka la vitambaa, na picha yake imeletwa na posta mara mbili. Tumekubaliana hivi: kazi ikinifaa, picha inakaa kwenye droo, kazi ikinishinda, napanda ndege. Nakueleza mapema ili ujue ninachokuomba si mchezo.

Sikio inatoa redio bure. Usicheke, ni bure kweli. Wenye sabuni, mafuta na madawa ndio wanaozigharamia. Redio yenyewe ina idhaa moja tu, haina kitufe cha kutafutia nyingine, na saa kumi alasiri kuna kipindi chetu chenye nyimbo, vichekesho na matangazo ya hao wenye sabuni. Kila mwisho wa mwezi msimamizi wa kijiji anapita nyumba kwa nyumba na daftari: mlisikiliza siku ngapi, mnafulia nini, mnapikia nini, mna watoto wangapi, kuna dawa gani nyumbani. Mistari ishirini kwa kila nyumba, basi. Daftari likifika dukani kwa baba, mawe mapya ya redio, yaani betri, yanatolewa. Hakuna majina. Kila nyumba ni nambari.

Nahitaji nyumba thelathini Gesima. Nikajiuliza ni nani anayeingia nyumba thelathini za Gesima bila mbwa kubweka, nikakuona wewe, mwalimu wa chekechea, unayewasomea watu barua zao na kuwajazia fomu za hospitali. Kubali, Nyakerario. Sina mwingine huko.

Wako wa dawati moja,
Chandni


Gesima
3 Machi 1996

Kwako Chandni,

Redio zimefika, zote thelathini, na hakuna aliyelima wiki hiyo. Nimekubali, kama ulivyojua nitakubali. Huyo mfiwa wa vitambaa acha alale kwenye droo.

Ya kwetu tumeiweka juu ya kabati. Ya shemeji yangu Okemwa imewekwa mezani na kufunikwa kitambaa alichofuma mkewe, Bitutu. Nimekutajia Bitutu zamani. Mume wake na mume wangu Nyabuto ni ndugu, tumeolewa boma moja, milango inatazamana, na kama kuna mtu duniani anayejua nimekula nini jana ni yeye. Saa kumi ikifika anakuja kwangu na kikapu chake cha majani ya chai bado mgongoni, ati ya kwangu inasikika vizuri zaidi. Ni uongo mtupu. Anakuja kupumzika.

Sasa mambo mawili. La kwanza, kuanzia jua linapotua Ijumaa mpaka litue Jumamosi, redio zote za Gesima zimezimwa, maana ni Sabato. Waambie wenye sabuni wasidhani zimeharibika.

La pili ni gumu. Nilianzia kwa mama mkwe wetu, Nyamusi, nikamuuliza ana wajukuu wangapi. Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Akasema, "Hao si magunia ya majani ati nikupimie kwa mizani. Ukitaka kuwajua nitakuitia mmoja mmoja." Huku kwetu mtoto aliye hai hahesabiwi, Chandni. Kumhesabu ni kumwonyesha kwa kifo. Nimepita nyumba thelathini na hakuna hata moja iliyonipa nambari. Wote wameniitia majina, na mimi nikaandika majina. Wala hawakutaka kuitwa nyumba ya saba au ya nane kama wafungwa, kwa hiyo juu ya ukurasa nimeandika jina la mama mwenye nyumba.

Najua ulisema bila majina. Nilikaa na kalamu nijumlishe mwenyewe, halafu nikaona nikijumlisha nitakuwa nimewahesabu mimi, na mimi pia nina wangu. Nimelituma daftari lilivyo. Kama halifai, niambie niache kazi kabla sijazoea mawe ya bure.

Nakutakia heri,
Nyakerario


Nairobi
15 Machi 1996

Nyakerario,

Usifute chochote. Ronak alilisoma daftari lako akiwa amesimama, halafu akakaa akalisoma tena. Amesema ni la kwanza lenye watu ndani. Mengine yote ni tarakimu tu. Ameagiza wasimamizi wa sehemu nyingine nao waandike majina, na wewe uongeze anwani ya posta ya kila nyumba. Umenipandisha cheo bila kujua.

Usiwe na wasiwasi juu ya majina hayo. Madaftari yanakaa kwenye kabati la chuma na ufunguo ninao mimi, kwenye mkufu wangu. Wenye sabuni wanapewa hesabu ya jumla tu.

Jambo moja la kurekebisha: usiache mstari mtupu. Mstari mtupu unaharibu ukurasa mzima, na nyumba yenye mstari mtupu itakosa mawe mwezi huo. Sheria si yangu.

Chandni


Gesima
9 Juni 1996

Kwako Chandni,

Mawe ya Mei yamefika, asante. Anwani haikunipa kazi, maana Gesima yote ya Waadventista tunatumia sanduku moja la posta, la kanisa. Mzee Obadiah, karani wa kanisa, huenda kuchukua barua Ijumaa na kuzigawa Sabato baada ya ibada.

Redio zimetubadilisha kidogo. Wanaume wanarudi nyumbani mapema. Watoto wangu wa chekechea wanaimba wimbo wa mafuta ya kupikia wakati wa maombi, na nimeacha kuwakemea kwa sababu mimi mwenyewe napika nikiuimba.

Okemwa ndiye msikilizaji mkuu. Ni mtu mpole, nakuambia ukweli, lakini ana jambo moja linalomla. Baba mkwe wetu, Mzee Nyangau, alikufa miaka mitatu iliyopita na bado hajapata mjukuu wa kubeba jina lake. Wavulana wote waliopo walizaliwa yeye akiwa hai, na jina hurithiwa mtu akishakufa. Okemwa ndiye mzaliwa wa kwanza, kwa hiyo deni la jina ni lake. Kila Sabato husimama kuomba kanisa limwombee mtoto wa kiume, na Bitutu ameketi upande wa wanawake, anasema amina pamoja nasi. Alipojifungua kitindamimba wake alitoka damu siku mbili. Muuguzi wa Kisii alimwambia mbele yangu kwamba akijaribu kuzaa tena, atafia huko huko. Okemwa aliambiwa pia, lakini anasema wauguzi si Mungu.

Sasa nikuulize. Mstari wa kumi na nne, ule wa dawa zilizomo nyumbani, unanisumbua. Nyumba nyingi ni dawa ya kichwa na ya malaria. Lakini kuna nyumba moja nimeandika kitu ambacho mwenyewe hakuniambia nikiwa na daftari mkononi. Ni kweli, na mimi siandiki uongo, na mstari ulikuwa mtupu na tulikuwa tarehe ya mwisho. Hata hivyo kimenikaa vibaya. Niambie tena juu ya lile kabati la chuma.

Nyakerario


Nairobi
20 Juni 1996

Nyakerario mpenzi,

Nimeuona mstari wenyewe, na nimejua ni nyumba ya nani. Sioni aibu hapo. Huyo mama ana akili kuliko wanaume wote wa boma lenu. Kabati limefungwa na ufunguo uko shingoni kwangu wakati huu ninapoandika.

Samahani kwa ufupi, kazi imekuwa nyingi mno mwezi huu. Ronak amenisifu mbele ya wageni. Baba naye amepiga simu na hakutaja picha.

Lala salama,
Chandni


Gesima
27 Oktoba 1996

Chandni,

Nakuandikia jambo lilivyotokea, bila kuongeza, halafu wewe utaniambia limetokeaje.

Jana baada ya ibada Mzee Obadiah alitugawia barua nje ya kanisa. Barua ya bahasha anaita jina, unachukua. Kadi isiyo na bahasha anaisoma kwa sauti, kwa sababu watoto wa darasa la nane wanakaribia mtihani, majuma haya kadi zote ni za kuwatakia heri, na huku kwetu mtu hutakiwa heri mbele ya watu. Familia inasimama, kadi inasomwa, tunapiga makofi.

Kadi ya tano ilikuwa na picha ya mama na mtoto wanacheka. Obadiah aliona jina la Nyamongo, mtoto mkubwa wa Bitutu, ambaye yuko darasa la nane. Akawasimamisha wote, baba, mama na watoto. Bitutu alikuwa amevaa gauni lake la buluu. Alikuwa anatabasamu, maana ilikuwa kadi ya kwanza mtoto wake kupata.

Akasoma: "Mpendwa Mama Bitutu, mama wa Nyamongo, Mokeira, Nyamoita na Bochaberi. Tunajua unavyowapenda. Je, umechoka kukumbuka kidonge chako cha kupanga uzazi kila siku? Sasa kuna sindano ya miezi mitatu." Mzee wa watu husoma Kiswahili mbio mbio akiogopa kukwama, akafika mwisho na anwani ya duka la dawa la Nairobi kabla hajaelewa alichokuwa anasoma. Kuna waliokuwa wameshaanza makofi.

Okemwa hakupiga kelele. Aliichukua kadi, akaitia ndani ya Biblia, akatembea mbele yetu mpaka nyumbani. Mlangoni akamgeukia mkewe na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Miaka mitatu mimi nasimama kuomba, na wewe unakaa pale unasema amina." Mama mkwe naye akasema maneno ambayo sitayaandika.

Leo asubuhi Bitutu amerudishwa kwao Manga, na kikapu kimoja. Watoto wamezuiwa. Bochaberi alimfuata mpaka njia panda, na ni mimi niliyembeba kumrudisha, akinipiga kifuani kwa ngumi zake. Bitutu alinitazama mara moja tu. Bado hajui, Chandni. Alinitazama kama mtu anayemkabidhi dada yake watoto.

Majina ya watoto yalikuwa yamepangwa kwenye kadi vile vile nilivyoyapanga mimi, kuanzia mkubwa. Hakuna mahali pengine duniani yameandikwa hivyo. Ufunguo uko wapi?

Nyakerario


Nairobi
6 Novemba 1996

Nyakerario,

Nimesoma barua yako. Pole sana, na umpe pole Bitutu. Nimeuliza ofisini. Inawezekana kliniki moja huko Kisii ndiyo iliyotoa majina, mambo kama hayo hutokea. Bado tunachunguza.

Wakati huo huo kuna jambo la haraka. Watu wa gazeti fulani wamepata kadi kama hiyo kutoka sehemu nyingine na wanaanza kuuliza maswali. Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi thelathini. Kila mama aweke alama ya kidole gumba kwamba alikubali habari zake zitumiwe kwa manufaa ya wateja. Mahali pa tarehe paache wazi, Ronak ataweka Machi. Bitutu pia, kama unaweza kufika Manga. Kila nyumba itakayoweka kidole itapata mawe ya mwaka mzima.

Najua inavyoonekana. Lakini bila karatasi hizi Sikio inafungwa, na baba ameniambia tiketi haina tabu, inakatwa kwa siku moja. Umri wangu unaujua. Wewe uliolewa na mtu uliyemchagua, ukiwa na macho yako mawili. Nisaidie mara hii moja, sitakuomba tena.

Chandni


Gesima
17 Novemba 1996

Chandni,

Hakuna kliniki. Bitutu hakuwahi kuchukua vidonge vyake Kisii mjini kwa jina lake. Nilimchukulia mimi, kwenye zahanati ya Ekerenyo, kwa jina langu, kila mwezi kwa miaka mitatu. Kwa hiyo duniani kote jina lake na vidonge hivyo vilikutana mahali pamoja tu, nami napajua.

Karatasi zako nimezirudisha na barua hii, tupu. Usidhani nimefanya hivyo kwa sababu mimi ni mwema. Kuna jambo sijakuambia, na ni afadhali ulisikie kutoka kwangu ili ujue tuko wawili.

Vidonge havikuwa nyumbani kwa Bitutu. Vilikuwa kwangu, ndani ya mkebe wa chaki za chekechea, na kila siku saa kumi, redio yako ikiimba, alikuwa anakuja kumeza kimoja na maji ya mtungi wangu. Ndiyo sababu ya kuja kwangu na kikapu mgongoni. Swali la kumi na nne linauliza dawa zilizomo nyumbani. Kwa ukweli wa mstari ule, vidonge ni vya ukurasa wangu. Nilipofika kwenye ukurasa wangu niliandika dawa ya kichwa. Niliogopa. Nilisema, je, kama daftari litafunguliwa dukani kwa baba yako na mtu anayemjua Nyabuto? Halafu nikafika kwenye ukurasa wa Bitutu, mstari ni mtupu, na nikajiambia kwamba ni dawa yake, siyo yangu, na mimi mtu wa Mungu siandiki uongo. Ningeweza kuandika dawa ya kichwa kwake pia. Wenye sabuni wangekosa nini? Au ningeuacha mtupu, Okemwa akose mawe mwezi mmoja, akae kimya nyumbani na mke wake.

Nilijilinda mimi, nikamwandika yeye. Hiyo ni sehemu yangu na nitaibeba. Lakini wewe nilikuuliza mwezi wa Juni. Nilikuuliza waziwazi, ukanijibu kuhusu mkufu wako.

Jana nilisimama kanisani nikasema ni mimi niliyeandika. Bitutu naye nimemwandikia, nikamweleza yote, hata ya mkebe. Kwako nataka kitu kimoja tu. Niambie ulijua lini.

Sitakwenda tena dukani. Redio yangu nimeirudisha kwa baba yako. Zile nyingine ishirini na tisa wenyewe wamekataa kuzitoa. Ya Okemwa inasikika saa kumi kama kawaida, na siku hizi anaifungulia sauti mpaka mwisho.

Nyakerario


Nairobi
28 Novemba 1996

Nyakerario,

Nilijua mwezi wa Juni. Barua yako ya Juni ilinikuta orodha ikiwa imeshauzwa siku nne nyuma, kwa wenye duka la dawa, kwa shule moja ya kulala na kwa watu wa bima. Kuhusu ufunguo sikukudanganya, uko shingoni. Daftari halijawahi kutoka kwenye kabati. Kilichotoka ni nakala, na aliyeipiga taipureta ni mimi. Nilipofika kwenye jina la Bitutu nilisimama. Nilikwenda kunywa chai. Nikarudi nikalipiga, na watoto wake wote, kuanzia mkubwa. Siku tano baadaye barua yako ikafika, nami nikakuandikia lala salama.

Ulisema tuko wawili. Hatuko sawa. Wewe uliogopa mume wako kwa dakika moja. Mimi nilikuwa na majuma ya kufikiri.

Kuhusu karatasi, Ronak hakungoja. Kidole gumba hakina jina, alisema. Vimewekwa hapa hapa ofisini, vya mlinzi, vya mpishi wa chai, vya yeyote aliyekuwa karibu. Vinane ni vyangu. Cha Bitutu ni kimojawapo. Watu wa gazeti wameonyeshwa, wameridhika. Sikio itaendelea, mwakani tunaingia Ekerenyo na Manga, na mimi nimepewa chumba changu mwenyewe chenye dirisha.

Nimekuambia kila kitu sasa. Sijui nilitarajia nini baada ya kukiandika.

Chandni


Manga
8 Desemba 1996

Kwako Nyakerario,

Nimeandika kwa Kiswahili ili mama asisome, maana yeye anasoma Ekegusii cha Biblia peke yake. Nimempa mjomba aje nayo mkononi. Haitapita kwa Obadiah.

Barua yako ilifika. Ile sehemu ya mkebe nimeisoma mara nyingi. Mwanzo sikuamini. Nilidhani kampuni walikulazimisha kusema ukweli, au kwamba ulikosea ukurasa, maana hata mwalimu hukosea. Halafu nikaona umeandika kwamba ulikuwa umeshika kalamu, ukaangalia kwako, ukaangalia kwangu. Basi nikaacha kukutafutia sababu.

Nimesikia ulisimama kanisani. Watu wamekuja mpaka huku kuniambia ulivyolia na jinsi akina mama walivyokushika mabega. Wananiambia nikusamehe kwa sababu umekiri. Nyakerario, ulisema yako ukapata nafuu, lakini wale ambao walikuwa hawajaelewa ile kadi sasa wameelewa. Kwako wanakwenda kukufariji. Kwangu wanakuja kunionya. Ungeniuliza kwanza ningekuambia unyamaze.

Juma lililopita Okemwa alikuja na wazee watatu. Hakunitukana. Alileta sukari na kitenge. Alisema watoto hawali vizuri na Bochaberi anakohoa. Akasema nirudi, yamekwisha, lakini kuna sharti, na sharti unalijua bila mimi kuliandika. Wazee waliniuliza ninasema nini. Nikamwuliza Okemwa mbele yao, "Na yule muuguzi?" Akasema tutaomba. Mjomba wangu akaangalia nje.

Nimekubali. Si kwa sababu siogopi. Naogopa sana. Lakini ninao wanne pale, na huku Manga mimi ni mgeni katika nyumba ya kaka. Nitarudi Jumapili ijayo.

Kwa hiyo tutakuwa majirani tena na ni lazima tujue tutaishi vipi. Sitaki ugomvi. Sitamwambia Nyabuto kuhusu safari zako za Ekerenyo, usiogope, mimi sina daftari. Watoto wako wakija kwangu watakula na wangu. Ukiwa na msiba nitakuja kupika. Tukikutana kwenye kituo cha majani nitakushikia gunia kama zamani, watu wasipate la kusema.

Kwako sitaingia tena. Na nikipata mimba utaiona kwa macho, kama watu wengine. Nikiugua utasikia kwa watu. Wewe ndiye uliyekuwa ukijua mambo yangu, sikuwa na mwingine, na sasa sina hata mmoja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kadi. Usiku nikiamka na hofu hii najikuta nimeanza kupanga maneno ya kukuambia kesho yake, halafu nakumbuka.

Asubuhi tukifungua milango utaniamkia, nami nitaitikia. Utaniuliza habari, kwa maana ni desturi kuuliza. Nitakuambia ni nzuri.

Bitutu